Gauni Lisilokatwa

Simu ya binti wa rafiki yangu ilinikuta kwenye maegesho ya ofisi, hapa Arlington, Marekani, nikipekua mkoba kutafuta kitambulisho. "Auntie, Mama amefariki," alisema, kisha akahamia Kiingereza, kama wanavyofanya watoto wetu jambo likiwaelemea. Moyo. Jana mchana. Alipiga mwenyewe simu ya dharura, lakini walipofika alikuwa ameshakata roho. Wasomaji wangu mnanijua, sikosi maneno ya kumpa mtu pole. Siku hiyo, kabla ya pole, lilinitoka swali: "Alikuwa amevaa nini?" Binti akajibu: "Kanga, Auntie. Why?" Nikashusha pumzi na kuegemea gari.

Hofu yangu ilikuwa na sababu. Marehemu, Mtanzania mwenzangu, alifanya kazi maabara ya hospitali, na siku za mapumziko alishona magauni ya Zama za Kati, yale ya Ulaya ya wafalme na ngome: kitani na sufu, mikono mirefu, kiuno kimebana. Alichora mwenyewe, akashona kwa mkono, akayavaa kwenye matamasha ya wapenzi wenzake wa zama hizo kule Manassas. Akina mama wa sherehe zetu walimsema: Mwafrika na nguo za malkia wa Kizungu, wapi na wapi? "Na wewe hiyo jinzi ulirithi kwa bibi yako?" aliwauliza, na mazungumzo yakaishia hapo. Zipu hakutaka hata kuisikia. Gauni lilifungwa mgongoni, kwa kamba iliyopitishwa kwenye matundu madogo, kila tundu limezungushiwa uzi kwa mkono wake. Asubuhi alifungwa na rafiki wa tamashani. Akirudi Gaithersburg, alikoishi peke yake, jirani alimfungua.

Jumamosi moja jirani hakuwepo. Akanipigia, sauti ikikatikakatika. "Mdogo wangu, njoo unifungue. Kifua kinabana." Nikamwambia aite gari la wagonjwa. "Thubutu! Wale wana mikasi." Gari hilo nililiita mimi, nikiwa nimekwama kwenye foleni ya barabara kuu ya I-270, nimeshaamini kwamba naenda kukuta maiti. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya kochi, midomo imemkauka, kamba imelowa jasho na fundo limekaza hata ukucha hauingii. Nikachukua mkasi wa jikoni. Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi. "Usikate. Fungua taratibu."

"Dada, utakufa!"

"Nimesema fungua."

Watu wa gari la wagonjwa walipoingia hawakuomba ruhusa ya mtu. Walilipasua gauni kuanzia shingoni hadi kiunoni, naye akalia kama aliyefiwa. Alipona, lakini hakunipigia simu kwa muda mrefu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza. Gauni la kufungwa mgongoni lilibuniwa kwa mwanamke mwenye nyumba iliyojaa watu. Kwetu pia, kifungo kikigoma unaita yeyote aliyeko uani, hata mgeni aliyekuja kuomba chumvi. Huku ufunguo wa mlango uko mfukoni mwako peke yako. Jirani tunamwomba atupokelee vifurushi, kumgeuzia mgongo atufungue tunaona aibu. Mimi naishi peke yangu na naogopa, sina sababu ya kuficha. Magauni yangu yote yenye zipu ya nyuma nimeyagawa. Ndiyo maana tulipopatana, akanionyesha gauni jipya la kijani, kamba zote zimehamia mbele, nilimkumbatia kwa furaha. "Sasa sikuhitaji wewe wala mkasi wako," alinitania. Nikajua hatari imepita.

Juzi nilimsindikiza binti nyumbani kwa mama yake kuchagua nguo za maziko. Jirani alitwambia kwamba siku ile ya kifo alimwona marehemu akirudi kutoka tamashani, akipanda ngazi polepole, na alikuwa amevaa gauni la kijani. Tulilikuta limetundikwa kwenye hanga, mlangoni mwa kabati, chumvi ya jasho imekaukia kwapani. Kamba ilikuwa imechomolewa kwenye matundu yote, imekunjwa vizuri, imewekwa mezani. Binti akalitazama, kisha akanigeukia. "So... alibadilisha nguo kwanza, ndiyo akapiga simu?"

Nililishika gauni lile, nikalipitia mshono kwa mshono. Lilikuwa zima, na kusema kweli ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kushona. Nililia nikiwa nimelikumbatia, na nililichukia.

Simlaumu kwa kupenda alichokipenda. Wengi wetu huku tumeshikilia kitu tulichokitengeneza kwa taabu, kazi, nyumba, jina zuri kwa watu wa nyumbani, na kinapoanza kutubana tunajali zaidi kisichanike. Mimi ufunguo wa akiba nimempa jirani yangu, na mkasi nimeutundika nyuma ya mlango. Nilichomwambia yeye nawaambia na ninyi: siku mkinikuta nimebanwa, hata vazi liwe zuri namna gani, hata niwashike mikono niwaombe, kateni.