Sahani ya Watu Wawili

Mkahawa wa kwanza wa Kimeksiko nilioingia Stockholm ulikuwa chini ya ardhi, karibu na Medborgarplatsen, na ukutani walikuwa wametundika makofia mapana ya majani, kana kwamba wenyewe wamekwenda msalani na watarudi sasa hivi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, majira ya baridi, na miwani yangu ilijaa ukungu mara tu nilipofungua mlango. Mhudumu aliniuliza tuko wangapi. Nikainua kidole kimoja. Akatazama nyuma yangu, kwenye ngazi, labda kuna mtu anakuja. Hakukuwa na mtu. Akanipeleka kwenye meza ndogo kando ya mlango wa jikoni, meza ambayo kila mkahawa wa mji ule unayo na kila mkahawa huwawekea watu wa peke yao.

Sikwenda pale kwa njaa. Nilikuwa nimetumwa.

Aliyenituma ni mdogo wangu wa kike, ambaye nilikuwa nimemwacha Nairobi. Sisi ni watu wa Uvira, Kongo. Vita vilitutoa, tukapotezana njiani, mimi nikatangulia Kenya, yeye akafika baadaye. Kwa hiyo tuliandikishwa ukimbizi mbalimbali, tukawa na mafaili mawili, na faili langu ndilo lililotembea, likanileta Uswidi. Wazazi hatuna tena. Tulikuwa tumebaki wawili.

Kule Kayole, Nairobi, tulipanga chumba kwa mama mmoja Mkenya aliyekuwa na televisheni na roho nzuri. Saa moja jioni alifungua mlango wake, sisi wapangaji tukajazana mpaka barazani, kutazama tamthilia ya Kimeksiko iliyotiwa sauti za Kiingereza, midomo inakwenda huku, maneno yanakwenda kule. Miaka ile mtaa mzima ulikuwa na ugonjwa huo. Sufuria ngapi ziliungua kwa sababu ya yule tajiri na mke wake wa siri, Mungu ndiye anayejua.

Kilichomkera mdogo wangu si mapenzi yao, ni chakula. Watu wale walikaa kwenye meza ndefu, mabakuli yamejaa, mvuke unapanda, halafu kabla mtu hajatia tonge mdomoni, mmoja anafichua siri, mwingine anatupa kitambaa, wote wanasimama na kuondoka. Kila siku hivyo hivyo. Sisi tuliokuwa tumekula mlo mmoja tuliachwa tukitazama ile meza.

"Yaya," aliniambia, maana kwetu dada mkubwa ndiye yaya, "bale batu banakulaka nini? Mbona banaacha chakula yote?"

Siku ya safari yangu hakulia. Alinishika mkono nje ya uwanja wa ndege akasema, "Kule Ulaya, chakula yabo itakuwa. Ukakule, uniambie iko na ladha gani. Na siku nitafika, utanipeleka." Nikamwahidi. Nilikuwa tayari kumwahidi hata mwezi. Lakini yeye aliomba hicho tu: nitafute mahali pazuri kuliko pote, na akifika twende wawili.

Basi pale chini ya makofia niliagiza enchilada, chapati yao ya kuviringishwa. Ikaja jibini. Chini ya jibini kulikuwa na jibini. Jumapili, baada ya ibada, nilinunua kadi ya simu kwenye kibanda cha Fittja, mtaani kwangu, nikampa ripoti.

"Na pilipili?"

"Hakuna."

"Banakuibia, yaya. Ile si ya batajiri."

Hivyo ndivyo kazi yangu ya pili ilivyoanza. Ya kwanza ilikuwa hospitalini Flemingsberg, kusukuma wagonjwa kwenye vitanda vyao kutoka wodi hadi wodi. Wenzangu hawakuwa wabaya. Lakini ikifika Ijumaa, kwenye chumba cha mapumziko, mazungumzo yalikuwa ya jambo moja: tacos. Nchi ile nzima Ijumaa jioni inakula tacos nyumbani, vichapati vyembamba vya kukunja, nyama ya kusaga, viungo vya pakiti, mahindi ya kopo, na tango. Tango, naapa. Kila mtu anajipakulia kwake, kisha baba, mama na watoto wanajibana kwenye sofa mbele ya televisheni. Mwaka wa kwanza nilidhani mmoja wao atanialika, nikawa navaa vizuri siku za Ijumaa. Baadaye nikaelewa kwamba Ijumaa ni ya watu wa nyumba, na mgeni haalikwi kwenye sofa.

"Na wewe leo unafanya nini?" waliniuliza wakivaa makoti.

"Mimi pia, tacos," nikajibu. Wala sikudanganya. Nilipanda treni kwenda mjini kuomba meza ya mtu mmoja.

Nilishawahi kuogopa, huko Uvira. Nilishawahi kulala njaa, Nairobi. Kula peke yangu sikuwa nimewahi. Kwetu anayekula peke yake ni mgonjwa au mchawi, na wote wawili huwa wanatengewa chakula na mtu. Kanisani nilikuwa na watu, Wakongomani wenzangu, na Jumapili sikukosa sahani kwa mama huyu au yule, watoto wao wakinijibu Kiswidi kila nilipowasalimu. Lakini Jumapili ni siku moja. Siku zilizobaki nilikula nimesimama, mbele ya jiko, ili isionekane kuwa nimeketi mezani bila mtu. Isionekane na nani, sijui.

Niliutafuta mji mzima. Kungsholmen nilipewa parachichi lililotoka kwenye bomba kama dawa ya meno, nikaona uchungu kwa niaba ya miti yote ya kwetu. Mahali pengine mpishi wa Kimeksiko alikuwa Mchile, pengine Mturuki, na Mturuki ndiye aliyejua pilipili. Norsborg, reli inakoishia, niliuziwa piza iliyomwagiwa tacos juu. Nilipomsimulia mdogo wangu alicheka hadi kadi ikaisha, na mimi nikabaki na simu sikioni nikiendelea kutabasamu mbele ya ukuta.

Kisha nikakutana na fajita.

Ilikuwa Ijumaa, na kwenye meza ya jirani waliketi mume na mke. Mlango wa jikoni ukafunguka, nikasikia kabla sijaona: nyama iliyokatwa vipande virefu, vitunguu, pilipili hoho, vyote vinalia juu ya sahani ya chuma, moshi unatangulia. Mkahawa mzima uligeuza shingo. Chakula kile kiliingia kwa shangwe kama bibi harusi. Nikamwita mhudumu nikamwambia, nataka ile. Akaweka kidole kwenye menyu, taratibu, asiniaibishe. Ilikuwa imeandikwa: kuanzia watu wawili.

"Nitaimaliza," nikasema.

"Samahani. Jikoni hawaitengenezi kwa mtu mmoja."

Nilikula kitu kingine, sikumbuki nini. Nakumbuka kwamba nililia kidogo, na kwamba moshi wa jirani ulinisaidia.

"Njo hiyo, ndiyo yenyewe," mdogo wangu alisema Jumapili, nilipomweleza ile kelele. Sauti yake ilibadilika. "Yaya, hiyo usiiguse. Hiyo ni yetu. Nikifika tutaikula."

"Siigusi."

Tukawa tumewekeana agano juu ya nyama ambayo hakuna kati yetu aliyeionja.

Tangu hapo nikawa mtaalamu wa chakula nisichokula. Nilichagua meza karibu na wapenzi, nikaagiza supu, nikasubiri wao waagize fajita. Nilipima kwa sikio: sahani ikinyamaza kabla ya kufika mezani, mkahawa huo nimeufuta. Nilipima kwa pua, kama vitunguu vimeungua au vimeiva. Nilitazama kama vile vichapati vyao vyembamba vinaletwa vya moto, vimefunikwa kitambaa. Bila shaka wapenzi wale waliniona kichaa. Mmoja aliwahi kuhamisha kiti chake anipe mgongo.

Nilipopata, nilijua. Ilikuwa Hornstull, chumba kidogo chenye meza chache, na nyuma ya kaunta alikuwepo Mmeksiko kweli, mama wa makamo mwenye mikono minene, mkali, Kiswidi chake kibaya kuliko changu. Vichapati vyake vilikuwa vya mahindi, anavikanda mwenyewe, na harufu yake ilikuwa ya mahindi ya kuchoma, nikashika ukingo wa meza. Fajita aliipika huku amenuna. "Hii si ya kwetu," aliniambia. "Hii ni ya Texas. Lakini Waswidi wakiikosa wananiondokea." Hata hivyo sahani yake ililia mpaka mezani na ikaendelea kulia watu wakiwa wameshaanza kula. Jumapili nikatangaza: mahali pamepatikana. Bado mtu.

Na mtu alikuwa hapatikani. Niliomba aletwe. Nilikwenda ofisi ya uhamiaji na picha zetu, za pale Kayole, tumekumbatiana. Mwanamke aliyenihudumia alinieleza kwa upole, mara mbili, kwamba familia kwa sheria ile ni mume, mke na watoto. Dada mtu mzima hahesabiki. Nilimuuliza kama yeye ana dada. Akasema anaye. Tukatazamana, kisha akaniita kwa jina langu, akaniambia anasikitika, na nikaamini kwamba anasikitika. Nikarudi Fittja na picha zangu. Niliomba tena, na tena, majibu yakawa yale yale.

Nikaendelea kwenda Hornstull. Yule mama alishanizoea, supu ya maharage aliiweka mezani kabla sijavua koti. Jioni moja wateja walikuwa wachache, akanijia akifuta mikono. "Kila Ijumaa unatazama sahani za watu," akasema. "Leo nitakutengenezea. Ya mtu mmoja. Usiwaambie hao wengine."

Mate yalinijaa mdomoni. Nikamwambia hapana, asante. Nikamwambia kuna mdogo wangu ninayemngoja.

"Anakuja lini?"

"Karibu."

Hakuniuliza zaidi. Aliongeza tu pilipili kwenye supu.

Na ilikuwa papo hapo Hornstull, Ijumaa nyingine, miaka imeshapita, simu za mkononi zimekuwa na picha na kila kitu, mdogo wangu aliponipigia. Alikuwa hapigi Ijumaa. Nikaweka kijiko chini.

"Yaya, Amerika imeniita."

Nilisimama, nikaketi. Faili lake nalo lilikuwa limetembea, ila kwa njia yake. Walikuwa wamemwambia ni jimbo la Texas.

"Banasema nijibu wiki hii," akaendelea. "Nikikubali, huko kwako sitakuja tena. Weye unajua. Nikikataa, nitabaki hapa, nikungojee, labda siku moja batasema ndiyo. Sema weye, yaya. Vile utasema, njo nitafanya."

Nilitaka kusema: kataa. Nasema ukweli, neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Niliona kile chumba cha Kayole, yeye amelala peke yake kwenye godoro letu, mwaka mwingine, na mwingine. Niliiona pia meza yangu, na kiti cha pili ambacho wateja wengine walikuja kuniomba kila mara: samahani, kuna mtu anakaa hapa? Kwa miaka yote ile nilikuwa nimejibu kwamba yupo.

"Nenda," nikasema.

Nikasikia pikipiki inapita Nairobi.

"Na chakula yetu?"

"Texas ndiko inakotoka. Huyu mama hapa ameniambia. Wewe ndiye utakayeila ya kweli, halafu utaniambia."

Akacheka, kisha akalia, na mimi nikajikaza mpaka alipokata simu. Halafu nikafunika uso kwa kile kitambaa kilichofunika vichapati vya supu yangu. Yule mama alisimama nyuma ya kaunta yake bila kunisogelea, akiisugua sehemu ile ile, na nikamshukuru kwa hilo kuliko kama angenikumbatia.

Mdogo wangu aliondoka Nairobi. Majuma ya kwanza alikuwa na mengi: joto, barabara zisizo na watu wa miguu, kazi ya kufua mashuka hotelini. Majirani zake wote ni Wameksiko, akasema, na ni watu wa salamu, si kama bale ba kwenye televizio. Chakula hawaachi hata punje. Kila Jumapili nilimsikiliza na kungoja aniambie lile jambo. Hakusema. Mwishowe nikauliza mwenyewe, nikijifanya nimekumbuka tu.

"Na ile sahani ya kelele, iko huko?"

"Iko, yaya. Kila barabara. Huku hata ukiwa peke yako banakupatia. Habaulize kitu."

"Haya, niambie basi. Iko na ladha gani?"

Nikaibana simu sikioni.

"Sijaikula," akasema. "Minakungojea."

Ijumaa iliyofuata nilishuka Hornstull kama kawaida. Yule mama aliniuliza kama mdogo wangu amefika. Nikamwambia bado, nikavua koti, nikaagiza supu.