Mkia wa Samaki wa Yona

Kila asubuhi saa moja na nusu, Edna Wragg husimama mbele ya sinki la jikoni na kikombe cha chai mkononi, hutaja siku na tarehe kwa sauti, kisha huanza kukagua mapazia. Ya akina Outram yamefunguliwa. Ya kasisi yamefunguliwa. Ya Norman Bagshaw bado. Saa tatu ikifika pazia halijafunguliwa, huvaa viatu na kwenda kugonga mlango. Ameishi hivyo tangu alipostaafu kazi ya kupeleka barua, na ndivyo alivyomkuta mzee Tarrant chini ya ngazi, mguu umevunjika, akimtukana paka.

Jumanne ya wiki ya kupamba kisima, desturi yetu ya kila mwaka ya kusimamisha picha ya maua kando ya kisima cha kijiji, Edna alitaja Jumatano. Nilimsikia, kwa sababu madirisha yetu yanatazamana. Sikumsahihisha. Watu wa kijiji chetu cha Thornlow hawamsahihishi Edna. Ni yeye aliyegundua nani alikuwa akiiba maua ya makaburini (mbuzi), na funguo za kanisa zilikuwa wapi majira yote ya baridi (ndani ya kinanda).

Kabla hajamaliza chai, Hilary Outram, mwenyekiti wa kamati ya kisima, alikuwa getini.

"Edna! Mkia umeanguka!"

Nikatoka, tukamfuata. Mwaka huu picha ilikuwa Yona na samaki mkubwa: petali za maua ya haidrenjia kwa bahari, punje za kahawa kwa mistari, vyote vimekandamizwa kwenye udongo wa mfinyanzi juu ya mbao. Kasisi aliibariki Jumamosi. Sasa pembe ya chini, upande wa kulia, udongo ulikuwa umekauka, ukapasuka, ukamwagika kwenye majani. Samaki alibaki nusu.

Norman alikuwa pale, kofia mkononi. Kwa miaka arobaini na mmoja yeye ndiye aliyeloweka mbao bwawani, akaukanyaga udongo kwa miguu mitupu na kuutia chumvi ili usikauke.

"Chumvi niliweka," alisema.

"Norman, una miaka themanini na mmoja," Hilary akamjibu. "Krismasi ulikuja kanisani umevaa koti la marehemu mkeo."

"Lilikuwa na joto."

"Kamati inakaa leo saa kumi na moja. Nitapendekeza udongo apewe mtu mwingine. Usinichukie."

Norman aliitazama ile pembe kama mtu anayetazama meno yake yaliyong'oka, akavaa kofia, akaenda zake. Mkewe amefariki, bustani ameiuza, kwaya iliisha pamoja na sauti yake. Kilichobaki ni udongo.

Edna aliinama, akachovya kidole kwenye udongo ulioanguka, akakilamba.

"Edna! Huo umebarikiwa!"

"Basi nitapata na baraka." Akatafuna kidogo. "Una chumvi." Akaenda upande wa pili, akalamba tena. "Na huu una chumvi. Ileile. Sasa hapo sielewi."

Na mpaka alasiri kweli hatukuelewa. Edna alishuku jua, lakini pembe ile hukaa kivulini siku nzima. Akashuku Major, mbwa wa Hilary, ila Major angeacha nyayo, na angekula punje za kahawa. Aliandika kila shaka kwenye kijitabu chake, akaifuta, kisha akaiandika upya akiwa amesahau kwamba ameshaifuta. Mimi nilimshikia mwavuli.

Hatimaye aliugusa ubao wenyewe. Mbao zote zilikuwa nyeusi, zimeshiba maji. Pembe ile ilikuwa na rangi ya biskuti.

"Haikunywa maji," alisema. "Ubao mkavu umenyonya maji ya udongo. Lakini Norman aliziloweka wiki nne. Zote. Pembe moja inawezaje kukaa nje ya maji wiki nne?"

Tukaenda bwawani. Karibu na matete, matofali yalikuwa yamepangwa ndani ya maji. Juu ya matofali palikuwa na sinia la bati, lile la ukumbusho wa kutawazwa kwa malkia. Na juu ya sinia, kwenye rundo la majani makavu, kuku-maji mweusi mwenye mdomo mwekundu alikuwa ameatamia akitutazama kwa dharau.

Nyumba nyingi hapa zina sinia kama lile. Edna aliinamia maji, akalitazama ukingo, pale lilipobonyea.

"Marehemu mume wangu, Wilf, alilikalia," alisema polepole. "Hilo ni langu."

Tulirudi kwake. Juu ya jiko, msumari ulikuwa mtupu. Edna akaketi bila kuvua koti.

"Lilikuwa hapa jana. Au siku ile ya mvua." Akanyanyua buti zake, akazigeuza. Zilikuwa na tope kavu. "Hili ni tope la bwawani? Mwanangu, sijaingia bwawani mwaka huu. Sidhani kama nimeingia." Aliniangalia kama mtu anayetafuta miwani akiwa ameivaa. "Leo ni Jumatano."

"Ni Jumanne," nilisema.

"Ah," alisema, akainuka kuinjika birika.

Tulimkuta Norman kwenye kibanda chake, akikoroga chai kwa bisibisi.

"Norman," Edna alisema, "sinia langu liko bwawani."

"Najua. Ulinipa wewe."

"Mimi?"

"Kupitia dirishani. Ukasema lirudi bila mavi." Akacheka, akaona Edna hacheki, naye akaacha. "Yule ndege alijenga kwenye pembe ya ubao, Edna. Alianza siku ya pili tu, mwishowe mayai saba. Ningeuzamishaje? Nikainua pembe kwa matofali. Kila siku niliimwagia maji kwa kopo, nikadhani yatatosha. Siku ya kutoa ubao nikakuomba sinia, nikahamishia kiota hapo."

"Na ukakaa kimya Hilary akikuvua nguo mbele za watu!"

"Ningesema, kijiji kizima kingekwenda kuangalia. Na Major mbele yao, ulimi nje." Akatazama kikombe. "Kifaranga wa mwisho ameanguliwa leo asubuhi. Yuko chini ya bawa la mama yake. Kesho wote wataingia majini."

"Basi kawaambie leo. Mbwa wafungiwe ndani mpaka kesho."

"Niwaambie nini? Watasema mzee amesahau chumvi, sasa amebuni ndege. Matofali na sinia naweza kuwa nimeviweka jana. Nani aliniona kabla?"

Edna alinyoosha mgongo, kama nilivyokuwa nikimwona zamani akishuka kilima na mfuko wa barua.

"Mimi nilikuona," alisema. "Uliniomba, nikakupa. Siku ya kutoa mbao. Vaa koti lako, Norman. Lako, si la marehemu Mavis."

Norman akaingia ndani kunawa mikono. Sisi tulisubiri kwenye njia, karibu na fito za njegere. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Ukumbini walikuwa tayari wakiburuta viti, na harufu ya skonzi ilitufikia pale.

Edna alikuwa akitaja kitu kwa midomo, bila sauti. Jumanne. Jumanne. Sinia. Dirishani.

Siku nzima sikuwa nimemuuliza kitu. Hilo moja nililiuliza, kwa sauti ndogo, ili Norman asisikie: je, anakumbuka kumpa?

"Hapana," Edna alisema. "Lakini nitasema nilimpa."