Dainamo Iliyokaa kwa Nulu

Ukiwauliza watu wa Walukuba, pale Jinja, Zubairi Masaba alikuwa mtu wa namna gani, watakuambia alikuwa fundi wa umeme wa magari mwenye mikono myepesi na mdomo mzito. Akikutengenezea taa zikawaka, alisema, "Iko sawa." Zikikataa, alisema, "Haiko." Kati ya hayo mawili ulijijazia mwenyewe. Na ubahili huo wa maneno ndio uliokuja kumponza.

Alizaliwa chini ya mlima Wanale, karibu na Mbale, akashuka Jinja akiwa kijana kutafuta kazi, akaipata katika gereji ya Mahendra. Mahendra alikuwa na magari mengi ya wateja na wazimu mmoja wa kwake mwenyewe: ndege ndogo ya injini moja, yenye viti vinne, iliyokuwa kuukuu tangu siku alipoinunua. Aliiweka ndani ya banda la bati kwenye kiwanja cha ndege cha Jinja. Siku ya kwanza Masaba alipofungua kifuniko cha injini yake, alicheka peke yake. Dainamo iliyokuwamo alikuwa akiijua vizuri. Ilitoka kiwanda kilekile kilichotengeneza dainamo za Shevrole za zamani, umbo lilelile, nyaya zilezile. Tofauti zilikuwa mbili tu: gia ndogo mahali pa puli ya mkanda, na kibati chenye namba kilichopigwa ribiti ubavuni.

"Bwana," alimwambia Mahendra, "hii ndege yako ni ndugu ya gari."

Kuanzia hapo umeme wa ndege ukawa mikononi mwake. Mwaka sabini na mbili, Wahindi walipofukuzwa Uganda, Mahendra alimshika mkono pale mlangoni mwa banda. "Masaba, usikubali askari waimalize ndege hii."

"Iko sawa," akajibu Masaba.

Mwingine angeapa kwa Mungu na kwa kaburi la babu yake. Huyu alisema maneno mawili, kisha akayashika. Kila Ijumaa baada ya swala alikwenda bandani, akalizungusha panga la ndege kwa mkono, akapaka mafuta panapostahili, akafukuza panya.

Vita vya sabini na tisa vilipokaribia Jinja, askari waliokuwa wakikimbilia mashariki walibeba kila kitu kinachong'olewa. Masaba akawahi. Magneto mbili za ndege, zile za kuipa injini cheche, alizifukia ndani ya debe la unga nyumbani. Dainamo ikamtia mashakani, maana nyumba za mafundi zilikuwa zimepekuliwa mara mbili, na haikuenea debeni. Angeiweka wapi? Alikuwa angali anakuna kichwa pale gerejini ndipo Nulu alipoingia, gari lake likisukumwa na watu wawili.

Nulu alikuwa mjane aliyeuza vitenge Mbale. Alizaliwa Busia, upande wa Kenya, Kiswahili chake kimenyooka na ulimi wake haulali njaa. Gari lenyewe lilikuwa Shevrole ya mwaka arobaini na tisa aliyoachiwa na marehemu mumewe, bovu la sura hata mwizi angelionea huruma. Dainamo yake ilikuwa imeungua, na Nulu alitaka kufika kwake kabla barabara haijafungwa.

Masaba alilitazama gari, akamtazama mwenyewe, akaona mlango umefunguka. Dainamo ndani ya nyumba itaibwa. Dainamo ndani ya gari bovu la mjane, nani ataiangalia? Alitoa gia ya ndege akaitia mfukoni, akafunga puli ya Shevrole, akaunga nyaya. Injini iliponguruma na sindano ya chaji kupanda, aliingiza kichwa dirishani.

"Mama, kaa na hii."

"Unanidai ngapi, fundi?"

"Hapana. Kaa nayo tu."

Moyoni alimaanisha: nitunzie mpaka nije kuichukua. Lakini siku zile nani angetamka mbele ya watu kwamba anaficha mali ya Mhindi aliyefukuzwa? Nulu aliutazama uso ule uliojaa grisi, akaona aibu yake, akaona amekataa malipo, akasikia kile ambacho mwanamke yeyote mwenye masikio angesikia. Akaondoka akitabasamu njia nzima mpaka Mbale.

Gari lile lilifanya kazi! Mabasi yalipokoma, Nulu aliwabeba wajawazito kutoka vijijini kuwapeleka hospitali ya Mbale, na mtoto mmoja aliyezaliwa kwenye kiti cha nyuma wanamwita Shevu hadi leo. Masaba naye alikuja kila mwezi kwa basi, akipita vizuizi vya askari wa serikali moja baada ya nyingine, begi la spana begani. "Nimekuja kuona kaboni ya dainamo," alisema kila mara, yaani vile vipande vya ndani vinavyolika kwa kuzunguka. Nulu alimpikia wali, wakala, Masaba akasema "Iko sawa," akarudi Jinja. Miaka saba!

Mwaka themanini na sita bunduki zilipotulia, Mahendra alirudi, mvi kichwa kizima. Aliikuta ndege yake bandani, nzima isipokuwa vumbi na pengo la dainamo, magneto zimekwisha kurudishwa, akalia mbele ya watu bila kujificha. Madaktari wa chanjo walikuwa wakitafuta ndege ya kupeleka dawa kaskazini, na waliitaka hiyo, kwa sharti kwamba mkaguzi aje Jumamosi asome namba ya kila kifaa. Mahendra alishika dainamo ya gari iliyokuwa rafuni. "Si ni ileile, Masaba?"

"Ni ndugu," alisema Masaba. "Lakini haina pasipoti."

Jumatano akapanda basi la Mbale. Alimkuta Nulu uani akichambua mchele.

"Nimekuja kuchukua dainamo."

"Kubadilisha kaboni, unasema."

"Kuchukua. Ni ya ndege ya Mahendra. Yeye amerudi."

Nulu akauweka ungo chini. "Uliniambia nikae nayo."

"Ndiyo. Ukae nayo mpaka mimi nikuje."

"Hiyo 'mpaka' hukuitamka, Zubairi! Mwenye mashine ya kusaga alikuja kuniposa, nikamwambia nina mtu. Haji wa sokoni akatuma watu, nikawaambia nina mtu. Miaka saba nimekaa na lile dude nikidhani ni posa!"

Masaba alilishusha begi la spana chini. Kule Jinja kulikuwa na mzee aliyemwamini, na mkaguzi anakuja Jumamosi. Hapa kulikuwa na huyu mwanamke, machozi yamemjaa. Uongo mdogo tu ungemwokoa, na mimi ningeusema, sikufichi.

"Nijibu kitu kimoja," Nulu akasema. "Siku ile ulikuwa unanipa, ama ulikuwa unaficha?"

"Nilikuwa naficha."

"Basi ichukue uende."

Masaba alilisogelea gari, spana mkononi, akasimama mbele yake bila kuligusa. Nulu aliutazama mgongo wake.

"Fundi wa hapa sokoni aliniambia kaboni ya dainamo hukaa miaka miwili," alisema. "Wewe ulikuja kila mwezi. Ulikuwa unabadilisha nini?"

Masaba akageuka. Kisha Zubairi Masaba, aliyeishi kwa maneno mawili, akatoa hotuba ndefu kuliko zote za maisha yake.

"Safari ya kwanza nilikuja kuona dainamo. Ya pili pia. Kutoka ya tatu, hata bonneti sikufungua mara nyingi. Nilikuwa nakuja kukuona wewe, Nulu. Mimi naogopa kusema, basi nabeba spana. Nakupenda. Hiyo siyo ya kuficha."

Nulu alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akamwambia afungue bonneti haraka asije akakosa basi.

Jumamosi mkaguzi alisoma namba ya kibati, akatia sahihi. Ndege ikapaa juu ya Jinja na Mahendra akiwa kiti cha mbele. Masaba alikuwa amemwahidi Nulu dainamo nyingine, na kweli aliitafuta, lakini siku ya ndoa ilifika kabla hajaipata ya kufaa. Shevrole ikasukumwa kwa mikono barabarani Mbale nzima, kutoka msikitini hadi nyumbani, Mahendra akiwa wa kwanza kukunja mikono ya shati. Nulu alishika usukani, akiwafokea wageni wasukume taratibu, kwa sababu humo ndani amembeba mume wake.