Mama Masikio wa Kituku na imbwa anayeitwa Ministre

Saa kumi na mbili asubuhi, Kituku, soko la Goma lililo pembeni kabisa ya ziwa. Wamama wameshaanika sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, moto wa chai unawaka, na Valérie Mahoro amepiga magoti juu ya mawe meusi ya volkano. Ameshika sikio la imbwa kwa vidole viwili. Analigeuza. Anainama. Halafu ananusa.

Ndiyo, ananusa, pua inaingia kabisa mule ndani. Mama mmoja mwenye beseni kichwani anasimama kungojea. Hata wale wa chai wanasogea kuangalia.

Imbwa ni mukubwa, rangi ya chai ya maziwa, masikio marefu yamelala kama majani ya ndizi. Jina lake Ministre, yaani waziri. Mwenye imbwa ni mama Mukamazimpaka, muuzaji wa sambaza, miaka hamsini na moja, mwenye sauti inayofika mpaka kwenye pirogue za wavuvi walio mbali. Amekunja mikono tu.

Maana leo ndiyo siku yenyewe, wiki ya Noël. Kama sikio linanuka, Ministre anakatwa masikio yote mawili, na Valérie hatakanyaga tena Kituku. Walipatana hivyo mbele ya soko zima.

Valérie ana miaka thelathini na ine. Alizaliwa kwenye vilima vya Masisi, na tangu mutoto alikuwa anatoa kupe ndani ya masikio ya ndama za baba yake, muzee Nsengimana. Akasomea mambo ya mifugo kusudi arudi kwa ng'ombe. Barabara na vita vikamubakiza Goma, na Goma ng'ombe ni wachache. Lakini kila parcelle ya nyumba yenye lango iko na imbwa.

Anatembea na mufuko mumoja wa ngozi, anapokea franga elfu kumi kwa imbwa mumoja. Wiki nzuri anapata imbwa sita. Wiki mbaya, mumoja, na huyo mumoja anauma.

Watu wanamucheka. Wanamuita Mama Masikio, wanauliza kama paka nao wataletewa docteur wa meno. Hayo hayakumuumiza sana. Kilichomuumiza ni neno la baba yake.

"Aliniambia, ng'ombe ya mahari njo inaleta bibi ku nyumba. Imbwa inaleta nini?" anasema Valérie.

Basi tuje kwa Ministre. Mwezi wa kwanza wa mwaka huu alianza kutikisa kichwa mchana na usiku, kujikuna mpaka damu. Ndani ya sikio, uchafu wa kahawia, na harufu ya fromage, ile jibini ya Masisi, iliyosahauliwa kwenye gunia. Mama Mukamazimpaka alishajaribu mawese ya moto. Ikawa mubaya zaidi.

Valérie akachunguza ndani na taa yake ndogo, akasafisha, akachukua uchafu kidogo na pamba, akapeleka kwa rafiki wa labo. Kwenye mikroskopi wakaona levure, ndugu yake na ile hamira ya mukate, imejaa tele. Akaacha dawa ya matone ya siku kumi na ine. Wiki moja tu, Ministre muzima.

Mwezi wa tatu, harufu imerudi. Akatibu. Mwezi wa sita, imerudi tena. Akatibu. Mwezi wa tisa, mvua ya kwanza, imerudi. Na hapo mama Mukamazimpaka hakumungojea nyumbani. Alimungojea sokoni.

"Docteur wa kweli anaponyesha," alimuambia mbele ya watu. "Wewe unapanda, kisha unakuya kuvuna."

Soko lilicheka mpaka beseni zikatikisika. Na Théoneste alikuwa pale, yule anayekata masikio ya imbwa wa walinzi ili wawe wakali. Akasema yeye na kisu chake atamaliza hiyo hadisi siku moja.

Valérie akasogea mbele, akamujibu. "Kukata sikio ni kutoa mulango. Mwizi ameshaingia mu nyumba." Akaomba muda mpaka Noël. Ugonjwa ukirudi, yeye mwenyewe atamushikia Théoneste kichwa cha imbwa, kisha hatakanyaga tena Kituku.

Usiku ule hakulala vizuri. Alirudia kila kitu kichwani. Dawa ni ya kweli, labo ni ya kweli, sasa kosa liko wapi? Akagundua jambo moja: siku zote alikuwa anafika Kituku saa sita ya mchana, wakati Ministre amelala chini ya sambaza zilizoanikwa, mukavu, kama padri baada ya kula.

Kesho yake akafika asubuhi na mapema.

Pirogue zilikuwa zinarudi, wavuvi wanaimba. Ministre akasikia wimbo, akasimama, masikio yakapepea, na huyo, pwaa, ndani ya maji. Akaogelea mpaka pirogue ya kwanza, akaizunguka, akarudi nayo kichwa juu kama ndiye aliyeivuta. Wamama wakamupigia makofi. Kila asubuhi ni hivyo. Ndiyo maana anaitwa Ministre: anaenda kupokea wageni.

"Nilikaa chini," anasema Valérie. "Nilitaka kucheka na kulia pamoja."

Sikio refu linafunika tundu, maji yanabaki ndani, joto linakuja, levure inafanya harusi. Kila siku ya Mungu. Akamuuliza mama Mukamazimpaka kwa nini hakumuambia.

"Uliniuliza anakula nini, uliniuliza analala wapi," mama akajibu. "Anaoga wapi, haukuniuliza."

Valérie alikubali kosa ni lake. Lakini akauliza na la pili: zile dawa, zilimalizika? Mama akaenda nyumbani, akarudi na kitenge kilichofungwa. Ndani, chupa tatu, kila moja imebaki zaidi ya nusu. Harufu ilipokuwa inaisha, siku ya ine ama ya tano, alikuwa anaacha na kuficha dawa kwenye sanduku.

"Tumekimbia vita mara ine," akasema. "Kitu kikibakia, nakitunza."

Valérie akamuelezea polepole kwamba harufu ikiondoka ugonjwa haujaondoka, umekaa tu unapumzika, na dawa iliyofunguliwa miezi mingi haitunziki. Zile chupa tatu akazichukua mwenyewe, mama akazisindikiza kwa macho.

Kwanza walijaribu kumufunga Ministre kamba. Siku mbili alilia, hakula, na mwizi akapita na beseni nzima ya sambaza bila kubwekewa. Wakamufungulia. Basi, kama ataogelea, ataogelea, lakini akitoka majini anafutwa.

Siku kumi na ine Valérie alifika kila asubuhi, kwa miguu kutoka kwake Ndosho. Kitambaa kikavu kwanza. Halafu maji ya dawa ya kusafisha na kukausha, unasugua shina la sikio mpaka linalia chwa-chwa, unamuacha atikise kichwa, unafuta pale kidole kinapofikia tu. Hakuna kijiti, hakuna mawese. Kisha matone, mpaka siku ya mwisho.

Mama Mukamazimpaka alinung'unika kwamba hata watoto wake hakuwafuta masikio namna ile. Wiki ya tatu alikuwa anafanya peke yake. Wiki ya tano jirani walimusikia anasema, "Excellence, leta sikio ya pili."

Mwezi wa kumi na moja mvua ilimwagika, imbwa wote wa Kituku wakawa wanajikuna. Ministre, hapana.

Turudi leo. Valérie anainua kichwa, anafuta pua na mukono.

"Inanuka imbwa," anasema.

Mama Mukamazimpaka anashusha mikono.

"Imbwa tu," anamalizia Valérie.

Soko linalipuka vigelegele. Mama Mukamazimpaka anamushika Valérie shingo, anazunguka naye katikati ya sambaza, anatangaza kwa ile sauti yake kwamba docteur ni huyu. Ministre anaruka majini bila pirogue yoyote kuonekana. Na Théoneste anangojea kelele zipungue, anasogea, anasema chini chini kwamba imbwa ya kwake nayo inatikisa kichwa.

Wamama wameshamupa Valérie benchi na kivuli: kila siku ya posho, yaani Jumamosi, asubuhi, ni siku ya masikio. Imbwa kumi na moja wameandikwa. Anatafuta mikroskopi yake mwenyewe, hata ya zamani, na mwaka ujao anataka kufika mpaka mji wa Kiwanja.

Lakini kwanza ana safari nyingine. Siku ya mungu iliyopita, Jumapili, aliletewa sauti kwenye simu, maneno machache, aliyasikiliza mara tatu. Ni muzee Nsengimana. "Valérie. Hii imbwa ya ku ng'ombe inatikisa kichwa. Inanuka. Ukuye."

Siku ya kwanza ya wiki, Jumatatu, anapanda Masisi. Mufuko umeshafungwa, kitambaa kikavu kiko juu.

"Nikifika, mbele ya kufungua dawa," anasema, "nitamuuliza papa imbwa anaoga wapi."