Tabla Niliyoianika Juani

Kosa langu la kwanza na tabla lilikuwa kuianika juani. Kwetu Kakuyuni hilo si kosa. Mjomba wangu hupiga ngoma harusini na matangani, na kabla ya kuanza huisogeza karibu na moto wa makumbi ya nazi mpaka ngozi ikaze na ilie vizuri. Nimekua nikiliona jambo hilo. Sikuwahi kujiuliza kama kila ngoma huvumilia joto.

Tabla huwa mbili: ndogo ya mti kwa mkono wa kulia, kubwa ya shaba kwa mkono wa kushoto. Zangu nilizinunua kwa bibi mmoja wa mji wa kale wa Malindi, ambaye marehemu mumewe alizipigia taarabu kwa miaka mingi. Wakati huo nilikuwa najifunza kwa kutazama video kwenye simu, nikipiga godoro. Aliniuliza nani ananifunza, nikamwambia sina mwalimu. Akanitazama vidole kwa muda, kisha akakubali kuniuzia, ila kwa sharti: Idi ikipita nirudi nimpigie, asikie.

"Nikiona umezitesa," alisema, "utachukua pesa zako, nami nitabaki na tabla zangu."

Nilikubali haraka, na hofu ikaanza nilipofika chumbani kwangu Gede. Nilizifunika taulo ili majirani wasisikie. Kila nilipokosea nilirudi mwanzo, maana sikuweza kuvumilia kuendelea juu ya kosa. Mwanzo wa mdundo niliokuwa najifunza niliujua sana. Mwisho wake sikuwahi kuufikia.

Mvua za masika zikaingia, ngozi ya ile ndogo ikalegea, sauti ikawa kama ya kopo lililojaa maji. Kwenye video niliona watu wakiikaza kwa kugonga ukingo wake kwa nyundo ndogo. Nyundo niliiogopa. Jua sikuliogopa. Siku mvua ilipokatika niliiweka kizingitini, nikaenda kufua nguo. Niliporudi, lile duara jeusi lililo katikati ya ngozi, ambalo ndilo huipa sauti yake safi, lilikuwa limepasuka kama tope la mto Sabaki maji yakishakauka. Nilipoligusa, kipande kikabaki kidoleni.

Tangu hapo sikula vizuri. Nilitunga uongo wa kila aina: nitasema nimesafiri, nitasema nimeibiwa, nitasema iko kwa fundi. Niliufanyia mazoezi uongo huo kuliko nilivyofanyia tabla. Idi ilipopita nilizifunga kwenye mfuko nikaenda, kwa sababu kutokwenda kuliniogopesha zaidi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nilidhani umeoa ukanisahau. Keti."

Aliniletea tambi na chai. Nilitoa ile kubwa peke yake, nikaanza kuifutafuta kama mtu mwenye kazi nyingi. Akaniuliza mwenzake yuko wapi. Nikaitoa. Pigo la kwanza likavuma kama nzi ndani ya chupa. Nikaacha, nikaomba radhi, nikaanza upya. Nikaacha tena, nikaomba radhi tena.

Akaweka kikombe chini. "Umeianika."

"Ndiyo, bibi."

"Nyinyi Wagiriama ngoma zenu mwazipika. Hii si ya kupikwa."

Ulikuwa utani, lakini hakucheka. Nikamweleza yote, ya taulo, ya nyundo, hata ule uongo nilioutunga. Nilingoja ainuke akalete pesa zangu.

"Ufa una fundi wake, yuko Mombasa," alisema. "Lakini wewe, kila ukikosea warudi mlangoni kupiga hodi upya. Sasa ingia ndani. Piga mpaka mwisho."

Nikapiga. Mkono wa kushoto ulichelewa, wa kulia ukakimbia, na ule ufa ukavuma kila mara. Nilitamani kuacha mara nyingi kuliko nilivyopumua. Nilipomaliza hakunisifu. Aliichukua tabla ndogo, akaitia kabatini, akafunga kwa ufunguo. Nikajua imekwisha.

"Kubwa nenda nayo," akasema. "Hii haitoki tena hapa. Ukiitaka utaipiga humu, nami nikisikia."

Nilibeba ile ya shaba mpaka Gede bila kujua kama nimepokonywa au nimepewa.

Fundi wa Mombasa ameshakuja kuitia ile ndogo ngozi mpya. Inakaa kwa bibi bado, na kila Ijumaa baada ya alasiri nakwenda kuipiga, naye hukaa kwenye mkeka akichambua mchele. Hofu sijaiacha, huanza nikiwa bado mlangoni. Zamani nilikuwa napiga ili nisisikike na mtu. Sasa yuko mtu mmoja anayenisikia nikikosea.