Betri Iliyonyweshwa Kombe

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, betri mpya ya lori huipati dukani hata ulie damu. Bwana wangu alikuwa dereva wa bohari, anapeleka sembe vijijini kwa njia ya Kilwa. Betri yake ilipokufa akapewa ya kufufuliwa. Fundi mmoja wa Keko alichukua sanduku la betri kuukuu, akatia ndani sahani za risasi alizozitoa kwenye betri nyingine, akaziba juu kwa lami. Nikamuuliza sahani kazitoa wapi.

"Za lori lililopinduka, shemeji. Wenyewe hawazihitaji tena." Akacheka. Mie sikucheka.

Wezi walikuwa wengi, kwa hiyo kila jioni bwana aliifungua akaja nayo chumbani kwetu Temeke. Akiilaza juu ya ubao, upande wake wa kitanda, maana walisema ardhi inanyonya moto wa betri. Ikitoka kuchajiwa ilichemka yenyewe, chwe, chwe, kama mtu anayevuta uradi midomo imefumbwa, na chumba kikanuka mayai viza. Ukiifungia balbu ndogo, inawaka vizuri. Ukitaka iamshe lori, inaguna mara moja, basi.

"Ina macho, haina mgongo," alisema bwana.

Mkuu wa bohari akachoka. Akamwambia lori likigoma tena, ufunguo anampa dereva mwingine. Na nyumba nzima tulikula kwa ufunguo ule.

Mama mkwe hakutaka kusikia habari za chaji. Mtu wa pwani yule. Alikwenda kwa shehe akaandikiwa kombe, maneno ya zafarani kwenye sahani nyeupe, yakaoshwa kwa maji ya marashi. Kombe hunyweshwa mgonjwa. Yeye akafungua vizibo vya betri, akainywesha tundu kwa tundu, taratibu, kama analisha mtoto uji.

"Mama, fundi kasema maji ya mvua tu!"

"Fundi wako kaitia maiti ndani. Nyamaza, mkwe wangu, usinikatize."

Asubuhi yake lori halikuguna hata. Bwana akarudi nyumbani kwa miguu, mikono mitupu, betri imebaki ndani ya lori. Ufunguo kapewa dereva mgeni, mtu wa bara, na vibarua wakamsukumia lori mpaka likawaka.

Nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara. Alasiri ile nikasikia honi, moja, ndefu. Nikatoka. Lori limezimika mbele ya ua wetu, na dereva kashika usukani kwa mikono yote miwili, honi hajaigusa. Wakalisukuma likaondoka. Kesho yake vilevile, pale pale, honi ile ile. Watoto wa mtaa wakaacha kucheza upande ule.

Mwishowe dereva akabisha hodi, jasho linamtoka.

"Shikamoo bibi. Gari hili mmelifanya nini?"

"Marahaba," akajibu mama mkwe. "Tulifanye nini? Sie tuna gereji hapa?"

Dereva alipoondoka, akanivuta sikio karibu. "Kombe nilisomesha kwa jina la mwanangu," akasema. "Na langu mie niliyemzaa." Hakutabasamu.

Yule dereva akaurudisha ufunguo bohari, akaapa hapandi tena. Mkuu akampa bwana wangu ufunguo, akamleta mwenyewe kwenye lori lililoachwa pale pale mbele ya ua, kaulegeza uso kama anaomba. Bwana akapanda. Lori likanguruma mara moja, udongo ukatikisika chini ya miguu yangu. Majirani wakashangilia. Mie nilimtazama usoni, uso umekuwa majivu. Akashuka, akafungua kiganja.

"Mke wangu, ufunguo huu hapa. Sijautia."

Kazi akarudishiwa, sembe ikarudi jikoni, wanangu wakashiba. Ila bwana wangu, aliyevuka Rufiji kwenye mafuriko, hakukubali tena kulala upande wa betri. Basi nikahamia mie. Chwe, chwe, mpaka alfajiri. Nililala nikiitazama, mgongo sikuigeuzia hata siku moja.