Fulu Katika Sanduku la Vioo

Mwezi wa Machi mwaka 1958 nilimpoteza mume wangu. Kifua kilimsumbua wiki tatu tu. Alikuwa fundi wa vioo mjini Thika, akaniachia chumba kimoja cha kupanga, mama yake, na sanduku la vioo lenye fremu ya chuma lililojaza meza yetu ya pekee. Mteja aliyeliagiza alihama kabla halijaisha, ndipo mume wangu akalileta nyumbani. Alisema atalitia samaki. Nami nilimwambia afadhali angeleta kabati. Hayo ndiyo niliyomwambia, na siwezi kuyabadilisha.

Baada ya mazishi shemeji yangu alikuja akalipima kwa shubiri. Alikuwa anajenga Kiganjo na hakuwa na vioo vya madirisha. Mama mkwe alikubali avichukue. Mimi sikuwa msemaji katika nyumba ile, lakini siku hiyo nilisema hapana, nitatia samaki kwanza.

"Samaki!" Mama mkwe alishika kiuno. "Ndugu za nyoka, mezani?"

Shemeji alicheka. "Mwache ajaribu, mama. Wakifa, nakata vioo vyangu."

Tukakubaliana hivyo.

Sisi Wakikuyu siku zile hatukula samaki, na mimi sikuwahi kumshika hata mmoja. Niliomba pasi ya kusafiria, maana Hali ya Hatari ilikuwa haijaisha, nikapanda treni mpaka Ruiru, kwenye bwawa la shamba moja la kahawa. Mlinzi wa bwawa alikuwa Mjaluo wa makamo ambaye mume wangu aliwahi kumtilia kioo cha dirisha. Alinivulia sita kwa kipande cha chandarua. Hawakuzidi kidole changu cha kati. Alisema kwao huitwa fulu. Akaniongezea mchanga na majani ya bwawani.

"Usiwashibishe, mama," aliniambia. "Na maji, badilisha kidogo kidogo."

Stesheni askari alifunua debe langu.

"Tangu lini Mkikuyu akala samaki?"

"Si wa kula."

"Wa nini basi?"

"Wa kutazama."

Alimwita mwenzake aje atazame. Treni nusura iniache.

Watu walikuwa bado wanakuja kunipa pole, na kwetu ni aibu kula huku aliyemo nyumbani anakutazama. Kila mgeni aliyekaa na sahani yake aliwaona wale samaki wamejipanga kwenye kioo wakimkodolea macho, akawamegea ugali. Sikumkataza mtu. Siku ya nne maji yalikuwa meupe kama uji, na wanne walikuwa wanaelea. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeambiwa.

Walibaki dume na jike. Nilibadilisha maji kidogo kidogo, na asubuhi na jioni niliyachota kwa kibuyu na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa. Wageni niliwakalisha wakiipa meza mgongo. Dume alipata nguvu, akang'aa rangi ya buluu, akachimba shimo mchangani. Kisha jike akaacha kula. Mashavu yalimvimba.

"Matumbwitumbwi hayo," alisema mama mkwe. "Mtoe kabla hajamwambukiza mwenzake."

"Tumwache, mama."

"Hajala siku ya ngapi leo?"

"Ya tisa."

"Basi huyo alishakufa, ila hajaambiwa."

Mimi pia sikuwa nakula vizuri wakati huo, na nadhani ndiyo sababu sikumtoa. Shemeji alisikia habari za ugonjwa, akatuma neno kwamba Jumamosi atakuja na kifaa chake cha kukatia vioo.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nafagia uani niliposikia mama mkwe akipiga kelele.

"Ngai! Anatapika wadudu!"

Nilikimbilia ndani. Mbele ya mdomo wa jike palikuwa na vitu vidogo vingi, kila kimoja kina macho mawili. Kivuli changu kilipoangukia kioo, alifungua kinywa, vyote vikakimbilia ndani.

"Sasa anawala!"

"Hawali, mama. Anawaficha."

Tulirudi nyuma, wakatoka. Mama mkwe akasogea, wakaingia. Akarudi nyuma, wakatoka. Alifanya hivyo mara tatu.

"Alikuwa amewabeba mdomoni siku zote hizi," alisema polepole. "Angekula vipi?"

Nilitamani mume wangu awepo aone. Lakini nilikuwa na fahari pia, na siku hiyo fahari ilizidi.

Shemeji alifika saa nne na mfuko wa vyombo begani. Mama mkwe alisimama mlangoni, akashika miimo kwa mikono miwili.

"Ishia hapo hapo. Humu kuna mzazi."

"Mzazi gani, mama?"

"Mzazi ni mzazi. Mwanamume haingii."

"Na madirisha yangu?"

"Ziba kwa mbao."

Kwetu mtoto wa kiume hupigiwa vigelegele vitano, wa kike vitatu. Mama mkwe alinigeukia akaniuliza wale ni wa kiume au wa kike. Nilimwambia sijui, tena hawahesabiki. Alifikiri kidogo. Kisha akampita shemeji, akasimama katikati ya uani, akapiga vitano, akapumua, akapiga na vitatu. Jirani yetu alikuja mbio na kibuyu cha uji, akiuliza ni nani aliyejifungua.